Neema, Imani na Matendo: Kipi Kinatangulia, na Kadi ya Ahadi Inakaa Wapi?

 

Mada niliyopewa iliwahi kuigawa Ulaya nzima, kwa hiyo sitajidai kuimaliza kabla ya chai. Niseme mapema ninakoelekea. Shida yetu si kwamba hatujui kuwa tunaokolewa kwa neema. Mtoto yeyote wa kipaimara atakujibu hivyo. Shida ni mpangilio. Darasani tunafundisha kwamba neema inatangulia na matendo yanafuata, halafu tukifika kwenye ofisi ya usharika tunaugeuza.

Tuanze na Abrahamu, maana Paulo na Yakobo wote wawili wamemleta shahidi yule yule. Paulo, katika Warumi 4, anasimama kwenye Mwanzo 15: mzee asiye na mtoto anatolewa nje, anaonyeshwa nyota, anaamini, anahesabiwa haki. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anasimama kwenye Mwanzo 22, mlimani, kisu kikiwa mkononi. Wasomaji wengi wamehitimisha kwamba wawili hawa wanapingana. Martin Luther mwenyewe aliudharau waraka wa Yakobo, na hapo, kwa heshima zote, naona alikuwa na haraka.

Hebu tuhesabu miaka. Ishmaeli alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86, na habari ya nyota ilikuwa imekwisha kupita. Abrahamu alitahiriwa akiwa na miaka 99, jambo ambalo Paulo analishikilia sana: haki ilitangulia, tohara ikafuata. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100, na siku ya kupanda mlima alikuwa mkubwa wa kutosha kujitwika kuni. Basi kati ya usiku ule wa Paulo na asubuhi ile ya Yakobo imepita miaka zaidi ya 14, tena mingi. Yakobo hasemi kwamba Mungu alianza kumkubali Abrahamu pale mlimani. Anasema imani ya miaka ile yote ilionekana pale. Anayemshambulia ni mtu mwingine kabisa: yule anayemwona ndugu hana nguo wala chakula cha siku, akamtakia amani na shibe, kisha akaenda zake. Imani ya namna hiyo, anasema, hata mashetani wanayo.

Mpangilio huo huo uko kwa Zakayo, Luka 19. Torati ilimdai mwizi wa kondoo alipe mara nne. Aliyekiri dhuluma mwenyewe alirudisha mali pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano. Zakayo anajihukumu kwa kipimo cha mwizi, na anaongeza nusu ya mali yake kwa maskini. Lakini angalieni ni lini. Yesu alikuwa amekwisha kumwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake, watu wakinung'unika. Hakumwambia arudishe kwanza ndipo aje.

Historia ya kanisa nitaipitia mbiombio. Mwaka 418 mtaguso wa Karthago ulikataa fundisho la Pelagio kwamba mtu aweza kushika amri za Mungu bila msaada wa neema. Mwaka 1517 Luther alipinga biashara ya vyeti vya rehema iliyoendeshwa na Johann Tetzel, ambayo fedha zake zilijenga Basilika la Mtakatifu Petro na kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Tuwe waungwana: mafundisho rasmi ya Roma hayakusema kwamba msamaha wa dhambi unanunuliwa. Mwananchi sokoni, hata hivyo, alielewa hivyo, na waliokusanya fedha hawakufanya haraka kumsahihisha. Walutheri nao wakasingiziwa kwamba wanapiga marufuku matendo mema. Ungamo la Augsburg la 1530 linalalamikia jambo hilo waziwazi. Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya Januari 1547, ulishutumu imani peke yake isiyohitaji ushirikiano wowote wa mtu, lakini hati hiyo hiyo inafundisha kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahilisha neema hiyo. Ilichukua hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri kutia sahihi Tamko la Pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho anayetufanya upya ndiye anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Tofauti zimebaki, hasa juu ya neno "stahili", lakini sisi wa pande zote mbili tuliopo hapa hatuna tena sababu ya kurushiana maneno ya karne ya 16.

Kwetu mfano mzuri zaidi ni Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Bukoba. Wafuasi wake, Walokole, walihubiri msalaba na damu ya Yesu kuliko kitu kingine chochote. Na watu hao hao ndio waliokuwa wakibisha hodi kwa mwajiri au kwa jirani wakirudisha walichoiba, na kuungama hadharani mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Hiyo ni Luka 19 tupu. Ila palipotokea kwamba ushuhuda wa namna fulani umekuwa kipimo cha kumtambua aliyeokoka na asiyeokoka, tunda lilikuwa limegeuzwa kuwa ada ya kiingilio.

Sasa nije ofisini. Mtu amefariki. Ndugu wanafika kuomba ibada ya mazishi, na kabla pole haijaisha mzee wa kanisa anafungua daftari: ahadi ya mwaka huu ilikuwa kiasi gani, amelipa kiasi gani, mara ya mwisho alishiriki Chakula cha Bwana lini. Nanyi wenzetu Wakatoliki mnayo kadi ya zaka, kwa hiyo msicheke. Ndugu wanachangishana pale pale nje ya ofisi, deni la marehemu linalipwa, mchungaji anakuja na joho lake.

Najua sababu. Usharika una mishahara ya kulipa, na pasipo nidhamu kila mtu atalikumbuka kanisa siku ya jeneza tu. Sidharau hilo. Lakini mwombolezaji aliyesimama pale mlangoni anajifunza nini juu ya wokovu? Tumemfundisha ya Tetzel! Ataondoka akijua kwamba marehemu alikuwa nje, na kwamba elfu sitini zilizochangwa pale nje zimemrudisha ndani. Hakuna hubiri la Sikukuu ya Matengenezo litakaloifuta elimu hiyo. Tukiwalaumu wanaouza maji, chumvi na mafuta ya upako, watatuuliza daftari letu linauza nini.

Uzembe nao upo, na unajificha nyuma ya Waefeso 2. Waumini wetu wanajua kwa moyo aya ya 8 na ya 9, kwamba tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo. Aya ya 10, inayosema tuliumbwa katika Kristo ili tutende mema, haikaririwi. Aliyeokoka anayemdhulumu msichana wake wa kazi mshahara wa miezi mitatu akaambiwa "Mungu anaangalia moyo" hajahubiriwa neema. Huyo mpelekeni kwa Yakobo.

Kwa ajili ya mjadala wa vikundi napendekeza mambo mawili. Kwanza, masuala ya ahadi na zaka yajadiliwe na mtu akiwa hai, kwa kumtembelea nyumbani, na daftari lisifunguliwe kabisa wakati wa msiba. Pili, tuzitazame risala tunazosoma makaburini. Aliyelipa ahadi zote na kuchangia mabati ya kanisa, tunamwombea kwa msingi gani, na maneno hayo tungeweza kuyasema pia juu ya yule ambaye kadi yake ya ahadi ilikuwa tupu?