Babu Yetu Ndani ya Karatasi

Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wetu, hapa Luberizi. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema.



Komite iliniomba niseme namna nilivyotafuta maisha ya babu yangu, baba ya baba, ndani ya karatasi za zamani. Mimi si mwalimu, si avoka. Nilianza kutafuta juu ya shamba tu.

Mnajua namna ilivyo kwetu sisi tuliorudi. Mwaka 1996 tulikimbia. Wengine walibaki Burundi, sisi tulivuka mpaka Tanzania, mwisho tukakaa kambi ya Lugufu. Tuliporudi tulikuta jirani analima shamba la babu. Nikamwambia: «Hapa ni petu, babu yangu ndiye alikata pori.» Akanijibu pole pole: «Babu yako alipewa hapa na babu yangu.» Nilikasirika sana. Kwetu tulilelewa na hadithi moja: babu alizaliwa hapa, hakutoka fasi ingine. Nikasema, ngoja, nitatafuta karatasi nimfunge mdomo.

Kazi ya kwanza haikuwa kwenye byuro, ilikuwa kwa wazee. Nilinunua kaye ya shule, nikapita kwa shangazi na kwa wazee watatu waliobaki. Niliandika majina yote ya babu: jina la kwao, jina la ubatizo, jina ambalo kalani aliandika kwa kusikia vibaya. Msicheze na hii kazi ya majina. Mnakumbuka mwaka 1972, wakati wa Mobutu, majina ya kizungu yalikatazwa, kila mtu akachukua la kiasili. Basi baba yangu ana jina moja kwenye karatasi za zamani na jina lingine kwenye za Zaire. Mtu asiyejua atasema hao ni watu wawili.

Kisha nilienda paruwasi. Buku la batizo linasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Linaandika jina, wazazi, kijiji, siku, na baba wa ubatizo. Pembeni kuna fasi ya kuandika ndoa, hata kama mtu alifungia ndoa paruwasi ingine. Padri alinifungulia, nikatafuta ukurasa kwa ukurasa siku mbili.

Sasa niseme kidogo juu ya hesabu ya watu wakati wa Babeleji, maana wengi wanafikiri walituhesabu juu ya kutujua. Hapana, walihesabu juu ya kodi. Kila mwanaume mwenye nguvu aliandikwa chini ya chefu wake na kijiji chake, akapewa kijitabu, na kodi aliyolipa ikaandikwa mle ndani. Mwenye bibi wengi alilipa zaidi, kwa hiyo mtaelewa kwa nini wengine hawakuwataja wote. Miaka ya kuzaliwa kalani aliikadiria kwa macho tu. Wamama waliandikwa nyuma ya jina la bwana; ukitafuta nyanya yako peke yake, utatoka mikono mitupu. Na mtu hakuhama ovyo. Kutoka sheferi yako kwa zaidi ya siku 30, ulihitaji karatasi ya ruhusa, ile waliyoiita pasporti ya mitasio.

Hizo karatasi ziko wapi leo? Zingine zilibaki kwenye byuro za sheferi na za teritwari, na huko vita, mvua na mchwa vilipita. Zingine zilipelekwa Ubelgiji, ziko kwenye nyumba za hifadhi kule Brussels. Lakini msidanganywe na mtu anayewaomba pesa akawatafutie babu Brussels. Kule kuko zaidi ripoti za wakubwa, barua na ramani. Jina la mkulima wa kijijini ni bahati kulikuta. Karatasi iliyonisaidia mimi ilikuwa ndani ya chungu kwa shangazi yangu, imefungwa na kitambaa: kijitabu cha babu.

Nikakifungua. Ukurasa wa kwanza, chefu mwingine, kijiji kingine, huko juu milimani. Kisha mhuri wa kuhama. Babu alishuka bondeni miaka ya 1950, wakati Babeleji walipokuwa wakipima mashamba ya pamba kwa mistari na kuweka watu humo. Hakuzaliwa hapa. Alikuja kijana, na bibi mmoja na mtoto mchanga, ambaye ni baba yangu.

Na buku la batizo? Babu alibatizwa akiwa mtu mkubwa, baada ya kufika. Niliposoma jina la baba wa ubatizo wake, nilikaa chini. Ni babu ya yule jirani.

Wandugu, nilitembea na ile kopi mfukoni wiki mbili bila kumwambia mtu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeijua. Mdogo wangu aliniambia wazi: «Rudisha chunguni.» Lakini nilifikiri, kama nitaonyesha karatasi inayonisaidia tu na kuficha ingine, mimi ni tofauti gani na wale tunaowalalamikia?

Nilienda kwa jirani jioni, bila avoka, nikamsomea. Alilia. Hakuwa amewahi kuona jina la babu yake limeandikwa popote. Mama yake mzee akasema: ndiyo, shamba lilitolewa, lakini lilitolewa kabisa, kwa mbuzi na pombe, mbele ya watu, halikuwa la kuazima. Hilo hakuna karatasi iliyoliandika. Ni yeye aliyelisema, na lilimkata mwanawe mwenyewe.

Tulipatana mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi. Mpaka ni ule mfereji wa zamani. Sehemu ya juu ni yetu, ya chini anaendelea kulima yeye. Kila nyumba ina kopi. Mdogo wangu mpaka leo hajafurahi, siwafichi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

La kwanza, mjue karatasi ya hesabu si hati ya shamba. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta, na mashamba yetu ya vijijini tunayashika kwa desturi. Karatasi inaonyesha tu kwamba mtu alikuwa hapa, mwaka fulani, na fulani. Hiyo si kidogo, lakini iende pamoja na mdomo wa wazee. Wazee wanapungua, waulizeni mwaka huu.

La pili, nchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984. Watoto wetu waliozaliwa kambini hawamo. Kadi za HCR, kadi za posho, karatasi za kurudi, vyeti vya kliniki ya kambi: msiwashie moto, msifungie karanga. Siku moja mjukuu atazitafuta. Na mtoto anayezaliwa sasa aandikishwe kwa ofisa wa etasivili kabla ya siku 90. Zikipita, ni kufuata tribinali, na mnajua tribinali inakula pesa.

La tatu ni kwa chama na kwa ninyi wenye kutusaidia. Tuanze buku la familia zetu, ukurasa mmoja kila nyumba: majina yote, kijiji cha kwanza, njia ya ukimbizi, nani alikuwa shahidi. Wamama waandikwe kwa majina yao wenyewe, si nyuma ya mtu. Tunahitaji kaye ngumu, mifuko ya plastiki ya kufunika karatasi, na pesa ya fotokopi na ya moto kwenda Uvira. Si mradi mkubwa.

Nilitoka kutafuta karatasi ya kumfunga jirani mdomo. Nikapata kwamba babu yangu alifika hapa mgeni, na mtu akampokea. Sisi pia tulirudi wageni.