Daraja la Matadi na Njia ya Shaba Yetu



Daraja la Matadi lilifunguliwa mwaka 1983, kwa feza ambayo inchi yetu ilikopa Japani. Linavuka mto Kongo kwa urefu wa mita 722. Kati ya minara yake miwili ni mita 520. Mbele ya hapo watu walingoja kivuko. Sasa motokari inapita mpaka Boma.

Lakini daraja lile lilijengwa kubeba motokari na gari la moshi pia. Reli ilitakiwa kufika Banana, penye bahari. Miaka zaidi ya 40 imepita, na gari la moshi halijavuka hata siku moja.

Ninyi wa migodi, jambo hili ni lenu. Shaba inaweza kutoka kwa njia yetu wenyewe: reli mpaka Ilebo, meli mpaka Kinshasa, reli tena mpaka Matadi. Leo nyingi inatoka kwa malori kupitia Zambia, na bandari za wengine zinapata malipo.

Kazi ya bandari ya Banana ilianza mwaka 2022. Basi, wandugu, tuwaulize tuliowachagua: deni lilikuwa la daraja zima, mbona tumepewa nusu? Reli iko wapi?