Kuugua Ugenini: Habari za Matibabu katika Mji wa Marseille

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya safari yetu ya Ufaransa, tulikopelekwa watu watatu kujifunza kazi ya kutunza majalada, tukakaa majuma kumi katika mji wa Marseille. Twajua wengine walitaraji habari za bandari na majumba. Hizo zitangoja. Kwa kuwa yasemekana wanachama wengine watafuata njia hiyo hiyo, twaona ni wajibu wetu kutanguliza jambo lililokaribia kumpoteza mwenzetu mmoja, yaani namna mgeni anavyotibiwa akiugua mjini mle.

Katika juma la pili mwenzetu alishikwa na homa. Siku zile ulikuwa ukivuma upepo wa kaskazini uitwao mistral, mkavu na mkali, nasi kwa elimu yetu wenyewe tukaamua ya kuwa ni mafua. Siku ya pili tukampeleka kwa daktari wa mtaani. Yafaa mjue ya kuwa kule daktari wa kawaida hakai hospitalini. Ana chumba chake katika nyumba kama nyumba nyingine, na kibao chenye jina lake mlangoni. Tuliingia tukitafuta karani wa kutuandikisha, tusimwone. Daktari mwenyewe alifungua mlango, mwenyewe akaandika, mwenyewe akapokea fedha na kutoa karatasi ya malipo. Sisi makarani tukatazamana.

Daktari yule hatumlaumu sana. Alimpima mgonjwa, akauliza habari za koo na kikohozi, akaandika dawa ya kutuliza homa. Hakuuliza tumetoka wapi, nasi hatukusema. Twakiri kosa letu. Tulidhani daktari akimwona Mwafrika mwenye homa atafikiri malaria mara moja. Tena tuliona haya, tusije tukadhaniwa kuwa tumeleta maradhi katika nchi ya watu. Lakini Mwafrika si kitu kigeni katika Marseille. Wako wengi waliozaliwa pale pale, na daktari hawezi kujua kwa kutazama uso ni nani aliyeshuka katika ndege juzi.

Usiku wa siku ya tatu mwenzetu akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mngazija, maana mji ule una watu wengi sana wenye asili ya Visiwa vya Komoro, na lugha yao na yetu ni ndugu. Tukisemezana polepole tulikuwa twasikizana kidogo. Mama yule alimgusa mgonjwa kipaji cha uso, akauliza neno moja tu: "Mmetoka kwenu lini?" Tulipomjibu, hakungoja la pili. Akachukua simu akapiga 15.

Namba hiyo, ndugu wanachama, iandikeni. Ni ya msaada wa wagonjwa uitwao SAMU, nayo haina malipo, usiku na mchana. Mpokeaji huuliza kwanza mahali ulipo na namba ya simu yako, kisha humpa daktari akusikilize, na daktari ndiye anayeamua kama yatosha shauri, au ije gari, au gari lije na daktari ndani yake. Usikate simu kabla ya kuambiwa. Ziko pia 18 ya wazima moto, na 112 ambayo hupokelewa katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Waliotujia sisi walikuwa wazima moto, nao katika Marseille ni askari wa manowari. Sababu yake ni moto ulioteketeza duka la Nouvelles Galeries mwaka 1938 na kuua watu 73. Mwaka uliofuata kazi ile ikakabidhiwa wanamaji. Basi mwenzetu, ambaye hajapata kupanda hata mashua, alishushwa ngazi na mabaharia.

Katika hospitali ya Serikali tuliyofikishwa, mama yule alitutangulia kusema neno lililotupasa kulisema siku ya kwanza: malaria. Damu ikachukuliwa, na kabla ya alfajiri jibu likatoka. Ilikuwa malaria ya falsiparamu, ile inayoweza kuua kwa siku chache. Akatiwa dawa ya atesuneti katika mshipa. Hakuna aliyetuuliza fedha kwanza. Madaktari wa mji ule wanaijua malaria kuliko tulivyodhani, kwa kuwa wakazi wenye asili ya Komoro huenda kuwaamkia jamaa zao visiwani, na wengine hurudi nayo. Lakini lazima mtu aseme ametoka wapi. Mwenzetu alilazwa siku sita.

Sasa tuje kwenye fedha, ambayo ilitusumbua kuliko mistral. Mtu aendaye kwa viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hawezi kuipata bila bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Mwenzetu alikuwa nayo, lakini hati ilikuwa chini ya sanduku, na sisi watatu, watu tulao mshahara kwa kusoma hati za wengine, hatukuisoma. Ndani yake imeandikwa kwa herufi ndogo ya kuwa mtu akilazwa, kampuni iarifiwe kwa simu katika muda wa saa 48. Tuliwaarifu siku ya tano. Kampuni, ambayo hatutaitaja, ikakataa kulipa. Hesabu ya hospitali ilizidi mshahara wa mwenzetu wa miezi mingi, naye ana watoto wanne. Ziliandikwa barua kumi na moja, na cheti cha daktari cha kuonyesha ya kuwa mgonjwa hakuwa na fahamu timamu, ndipo kampuni ikalipa. Ilichukua miezi mitano, nayo ilimkondesha kuliko homa.

Mkazi wa Ufaransa yu katika hali nyingine. Mama Mngazija alitueleza, naye ana kadi ya kijani iitwayo Carte Vitale, iliyoanza mwaka 1998. Kadi hiyo haina fedha ndani yake. Yaonyesha tu ya kuwa mwenyewe ameandikishwa katika Sécurité sociale, mfuko mkuu uliowekwa mwaka 1945 baada ya vita. Mgeni anayeishi kule kwa halali huweza kuingizwa akiisha kukaa miezi mitatu. Hata asiye na hati za ukaazi, akikaa zaidi ya miezi hiyo na kipato chake kikiwa kidogo, ana msaada wake uitwao AME. Na katika hospitali kubwa yako maofisi yaitwayo PASS kwa ajili ya mgonjwa asiye na bima yo yote.

Mkazi hutakiwa kuchagua daktari wake mmoja na kumwandikisha. Bei ya daktari wa kawaida tangu Desemba 2024 ni euro 30. Mfuko hurudisha sehemu 70 katika mia, ukiondoa euro 2, basi hupata euro 19. Na sehemu iliyobaki huweza kulipwa na bima ya pili waiitayo mutuelle. Lakini akiruka ruka kwa madaktari bila kumpitia wake, mfuko hurudisha sehemu 30 tu, yaani euro 7 baada ya makato. Twaona ni hila nzuri ya kuwafanya watu watulie.

Dawa huuzwa mahali penye msalaba wa kijani wenye taa. Hata za kutuliza maumivu hazipatikani dukani kwa muuza sabuni. Siku ya Jumapili tazama karatasi mlangoni. Huandikwa duka gani lina zamu.

Tulipokuwa twangoja mwenzetu apone, tulitembea. Hôtel-Dieu, hospitali ya kale iliyo juu ya bandari, tangu mwaka 2013 ni hoteli. Walipolala maskini, sasa hulala wenye fedha. Katika hospitali ya Conception alikufa mshairi Rimbaud mwaka 1891, naye aliugua mguu akifanya biashara kwetu upande wa Harar, akarudi amechelewa, wakamkata. Hatukumwambia mgonjwa habari hiyo mpaka alipotoka.

Bwana Mwandishi anazo kadi ndogo tulizozipiga chapa. Upande mmoja kuna namba 15 na nafasi ya kuandika simu ya bima yako, upande wa pili kuna maneno haya ya Kifaransa, ya kumwonyesha daktari kabla hajauliza: "J'ai de la fièvre. J'arrive d'Afrique de l'Est, où il y a le paludisme." Maana yake: Nina homa, nimetoka Afrika ya Mashariki, ambako kuna malaria. Atakayesafiri na achukue moja kwake baada ya mkutano, atie sahihi katika daftari.