KADI YA MTOTO ISIISHIE NJIANI

(Mazungumzo ya Kamati ya Akina Mama mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Hatukuja kuwalaumu akina mama. Mama anayekosa kliniki si kwamba hampendi mwanawe. Zipo sababu, na moja imo humu humu kwenye ushirika wetu.

Chanjo tunaianza vizuri. Mtoto akizaliwa anapata ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anachomwa za kuzuia dondakoo, kifaduro, pepopunda na nyinginezo. Miezi 9, ya surua na rubela. Baada ya hapo kadi inaingia sandukuni. Ile ya miezi 18 inasahauliwa. Mtoto anakimbia, ana afya, mama yuko shambani, nani akumbuke?

Ndugu zetu, hiyo ya pili si nyongeza. Katika watoto 100 wanaochomwa ya surua wakiwa na miezi 9, kama 85 ndio wanaopata kinga. Waliobaki hatuwajui, maana hawana alama usoni. Sindano ya pili ndiyo inayowafikia. Na surua haina mchezo. Inakwenda kwa hewa. Akiugua mmoja nyumbani, wasio na kinga karibu wote wanaipata. Inaleta kichomi, inapofusha, inaua.

Wazee mnakumbuka makovu ya ndui. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Haikwenda yenyewe, ilifukuzwa kwa chanjo.

Sasa tuseme ukweli. Msimu uliopita, siku ya wauguzi kuja na huduma ya mkoba iliangukia siku ya kupima pamba. Mama mwenye mtoto mgongoni angefanyaje? Akienda kliniki, zamu yake kwenye mzani imepotea. Na siku ya shamba la ushirika, aliyepeleka mtoto kliniki aliandikwa mtoro, akatozwa faini sawasawa na aliyeshinda kilabuni. Jamani, hiyo ni haki?

Tunaomba mkutano ukubali haya:

1. Aliyepeleka mtoto kliniki, awe mama au baba, asiandikwe mtoro. Kadi ndiyo iwe cheti chake.

2. Katibu aulize zahanati tarehe kabla ya kupanga siku ya mzani, na aibandike hapa ubaoni.

3. Mama aliyeko kliniki ashikiwe zamu yake mpaka arudi.

Kwa akina mama wenzetu: uliyechelewa, nenda tu. Huanzi upya, unaendelea pale ulipoishia. Uliyepoteza kadi, nenda vile vile, usiogope kusemwa. Mtoto akipata joto kidogo baada ya sindano, huwa linapita. Likizidi, mrudishe zahanati upesi.

Na nyinyi akina baba, kadi si ya mama peke yake. Leo jioni itoeni sandukuni muisome. Penye nafasi tupu, ndiyo kazi iliyobaki.

Pamba ikichelewa siku moja itapimwa kesho. Surua haingoji kesho.

Ushirika oyee!