Meli unazijua, sheria je?

*Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wenzake, Manzese, Dar es Salaam.*

Ndugu yangu, nimekubali kuzungumza nawe kwa sharti moja: usiniite mwanasheria. Mimi nimeishia kidato cha nne. Naandika habari za mahakamani na nalipwa kwa habari. Isipotoka, silipwi. Kwa hiyo ninayokuambia leo ni ya mtu wa benchi la nyuma, si ya msomi.

Hebu tuulizane. Kijiweni kwetu nani hana habari za majuu? Utaambiwa meli ipi imetia nanga na inaelekea wapi. Utaambiwa nani anauza pasi ya kusafiria na kwa bei gani. Sasa muulize mjuzi huyohuyo: nikifika, ofisa uhamiaji akaniweka pembeni, nina haki gani? Hapo atawasha sigara na kubadili mazungumzo. Meli tunazijua. Sheria je?

Siku moja nilikuwa mahakamani. Waliletwa vijana sita wa Kihabeshi, rika lako wewe, waliokamatwa wakipitishwa nchini kuelekea Afrika Kusini. Shtaka la kuingia nchini bila kibali lilisomwa kwa Kiswahili. Mkalimani wao alikuwa mshtakiwa mwenzao aliyeokota maneno mawili matatu njiani. Wakatikisa vichwa. Ikaandikwa kwamba wamekiri. Yote yalikwisha kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja.

Karibu yangu walikaa wanafunzi wawili wa sheria na madaftari yao. Waliandika. Nami niliandika, mistari minne tu, ikatoka, nikalipwa changu. Hakuna aliyewauliza wale vijana walikuwa wanakimbia nini kwao.

Mistari ile minne haijaniacha mpaka leo. Ndiyo iliyonifanya nitafute kujua wenzetu wanafanyaje, na hapo ndipo nilipokutana na kitu kinachoitwa kliniki ya sheria ya uhamiaji.

Usicheke. Si kliniki ya sindano. Ni ofisi ndani ya chuo kikuu ambamo mwanafunzi wa sheria anapewa kesi ya mtu wa kweli, mwenye mama na watoto, na kuibeba yeye mwenyewe huku mwalimu aliye wakili akimsimamia. Mteja halipi hata senti.

Kwa nini Marekani wakawa nazo? Kwa sababu sheria yao inamruhusu mhamiaji kuwa na wakili, lakini inasema wazi kwamba serikali haitamlipia. Upande wa pili serikali ina wakili wake, analipwa mshahara. Wewe mlalahoi unayetishiwa kufukuzwa nchini unasimama peke yako, kwa lugha usiyoijua vizuri. Kuziba pengo hilo, kanuni zao zinamruhusu mwanafunzi wa sheria kumwakilisha mtu mbele ya jaji wa uhamiaji, mradi asimamiwe na asidai malipo. Yule wa benchi la nyuma anahamia meza ya mbele.

Anafanya nini hapo? Anamhoji mteja mara moja, mara mbili, mara tano, na mkalimani wa kweli. Anaandika hati ya kiapo. Anatafuta cheti cha daktari na taarifa za hali ya nchi aliyotoka mtu huyo. Anachunga tarehe, kwa sababu sheria yao ya 1996 inataka ombi la hifadhi lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, na ukichelewa unahitaji sababu nzito. Anamwandaa mteja kwa maswali ya upande wa pili. Darasani ukikosea unarudia mtihani. Hapa ukikosea, mtu anapandishwa ndege.

Nikupe kisa. Desemba 17, 1994, binti wa miaka 17 kutoka Togo, Fauziya Kassindja, alitua uwanja wa ndege wa Newark na pasi isiyo yake. Hakujificha. Alisema mwenyewe kwamba pasi si yake na kwamba anaomba hifadhi. Baba yake, aliyekuwa akimkinga, alikuwa amefariki. Ndugu wakataka kumwoza kwa mwanamume mtu mzima mwenye wake watatu, na akeketwe kwanza. Akatoroka.

Unajua alipopelekwa? Rumande, na baadaye gereza moja hadi jingine, akichanganywa na wahalifu. Maandishi ya serikali hata jina lake yalilikosea, na ndiyo maana hadi leo wanasheria wanaiita kesi ile "Kasinga".

Aliyeibeba kesi hiyo kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria, Layli Miller Bashir, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya wakili. Agosti 1995 wakaingia mbele ya jaji wa uhamiaji. Wakashindwa. Jaji hakumwamini binti.

Wengi wangeishia hapo. Mwanafunzi yule hakuishia hapo. Aliipeleka kesi kwenye kliniki ya haki za binadamu ya chuo chake, American University mjini Washington, kwa mwalimu Karen Musalo. Wakaandaa rufaa. Aprili 1996 gazeti la New York Times likaandika kisa chake kwa kirefu, na siku chache baadaye akaachiwa, baada ya miezi kumi na sita ya kufungwa bila kosa la jinai. Juni 13, 1996, bodi ya rufaa ya uhamiaji ikampa hifadhi kwa kura 11 kwa 1. Uamuzi huo ukawa msingi kwa majaji wa uhamiaji nchi nzima: mwanamke anayekimbia ukeketaji anaweza kuwa mkimbizi.

Umeona? Mwanafunzi mmoja hakukubali kufunga jalada, na gazeti moja lilizidi mistari minne.

Kisa cha pili ni kifupi. Baada ya jeshi la Haiti kumpindua Rais Aristide mwaka 1991, watu walikimbia kwa mashua, Wamarekani wakawakamata baharini na kuwapeleka kambi ya Guantánamo. Takriban 300, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI, walizuiwa humo ingawa maofisa walishakubali kwamba hofu yao ina msingi. Mwaka 1992 wanafunzi wa sheria wa Yale na mwalimu wao Harold Koh waliishtaki serikali ya Marekani. Juni 1993 Jaji Sterling Johnson aliamuru watu hao waachiwe. Nisikufiche: mwezi huohuo Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ile iliwashinda kwa 8 kwa 1 katika suala la watu wanaorudishwa kutoka baharini. Kliniki si uganga.

Lakini mbegu ilishaota. Mmoja wa wanafunzi wale, Michael Wishnie, naye akawa mwalimu wa kliniki hapo Yale. Januari 27, 2017, Rais Trump alipotia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwamo, kliniki yake ilikuwa miongoni mwa waliokimbilia mahakamani usiku uleule. Kesho yake jaji wa Brooklyn, Ann Donnelly, alisimamisha kurudishwa kwa waliokwisha kufika. Amri nyingine zilifuata, na ya tatu ilipita mwaka 2018. Lakini usiku ule kuna watu walibaki uwanjani badala ya kurudishwa kwenye ndege.

Sasa turudi kwetu. Vyuo vya sheria tunavyo. Shule ya Sheria kwa Vitendo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017, nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria. Lakini msaidizi hasimami mahakamani kumtetea mtu, na mwanafunzi vilevile. Anayesimama ni wakili aliyeapishwa, na wakili anakula wapi kwa Mhabeshi asiye na shilingi?

Ninachosema ni kimoja: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aruhusiwe kutoka benchi la nyuma. Akae meza ya mbele, wakili mwalimu pembeni yake, kwa ajili ya mtu asiye na mtetezi. Aanze na kesi za uhamiaji.

Kuna atakayesema: huko ni kumfanya maskini kichwa cha kujifunzia kunyoa. Hoja ina uzito. Hata binti wa Togo alishindwa mara ya kwanza. Lakini mwanafunzi ana kesi chache, ana muda, na ana mwalimu anayemshika mkono. Wale vijana sita walikuwa na nani?

Wala usidhani uhamiaji ni mambo ya wageni. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari na aliyewahi kuwa mbunge, si raia wa Tanzania. Mwenye jina kama lake alisikika mji mzima. Wewe wa Manzese, mwenye bibi aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, ukiulizwa cheti utasikika na nani?

Kwa hiyo shika haya machache. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Omba mkalimani, na usione haya kurudia ombi. Sema ukweli ule ule kwa kila anayekuhoji, na uandike tarehe zako. Ukiwa huko majuu ukapata matatizo, ulizia kliniki ya chuo cha sheria kabla ya kumpa tapeli dola zako.

Na wewe mwanafunzi wa sheria uliyekuja kusikiliza, nimekuona hapo nyuma na daftari lako. Sikulaumu, hata mimi nilikuwa nalo. Siku nyingine wakiletwa vijana wa aina ile, mfuate mwalimu wako umuulize: sisi tunaanza lini? Nami naahidi kwamba siku hiyo sitaandika mistari minne.