Darasa la milioni 20 na saruji ya kilometa 1,200



Nimeombwa nizungumzie ugavi wa vifaa vya ujenzi. Mimi si mhandisi. Ni mwandishi wa kujitegemea mwenye cheti cha kidato cha nne, na kazi yangu ni kuuliza. Basi niulize.

Oktoba 10, 2021 serikali ilizindua mpango wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani yake mlikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa shilingi milioni 20, na yote yakamilike kabla ya mwaka kwisha.

Nani atakataa darasa? Watoto walikuwa wanasoma chini ya miembe. Ninachouliza ni hesabu. Milioni 20 ni zile zile kwa mkuu wa shule aliye Tegeta, jirani na kiwanda cha saruji cha Wazo, na kwa mwenzake wa Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200 za reli kutoka Dar es Salaam. Mfuko ni kilo 50 kwa wote wawili. Lakini kabla haujafika Kigoma, mfuko umelipiwa nauli, makuli wa kupakia, makuli wa kushusha, ghala la mwenye jumla na faida ya mwenye duka. Nani alipe tofauti hiyo? Wakubwa hawasemi. Fundi aliyeambiwa amalize na mifuko imekwisha anajua jibu: anaongeza mchanga.

Halafu ile haraka. Madarasa 15,000 yaagize saruji, nondo na bati kwa miezi isiyotimia mitatu, viwanda ni vile vile, malori ni yale yale, na siku ya mwisho imetangazwa redioni! Ukimtangazia mwenye duka kwamba una shida na una tarehe, unategemea akupunguzie? Dalili zilikuwapo. Novemba 2020 saruji ilipanda hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza mikoa ifuatilie. Agizo haliongezi mfuko ghalani. Wazee mliopanga foleni ya saruji ya kibali miaka ya themanini mnalijua hilo kuliko mimi.

Kinachotakiwa si miujiza. Halmashauri inajua tangu bajeti itajenga madarasa mangapi. Ikusanye mahitaji ya shule zote, iagize kiwandani mapema kwa pamoja, na fedha zipangwe kwa umbali. Mzigo uje kwa awamu: saruji ya msingi kwanza, ya kuta baadaye, bati mwishoni. Saruji si mahindi. Ukiirundika kwenye stoo yenye unyevu inaganda, na aliyeigandisha hutamsikia akitajwa.

Sasa kamati ya mapokezi, nanyi mko hapa. Mnapokea nondo kwa kuhesabu vipande. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa kila mita. Kipande cha mita 12 kinapaswa kukaribia kilo 10.7. Mkiletewa ya milimita 11 iliyoandikwa 12, kipande kina kama kilo 9. Milimita moja jicho halioni, hasa jioni lori linapofika na dereva anapiga honi. Chuma kilichopotea ni zaidi ya kilo moja na nusu kwa kila kipande, na kitahitajika siku lile boriti litakapobeba kichwa cha mwanao. Mizani ya kupimia mahindi inatosha. Azimeni kwa mwenye mashine.

La mwisho ni madeni. Mwenye duka aliyekopwa mwaka jana na hajalipwa, mwaka huu anaingiza kungoja kwake kwenye bei, na sisi tunashangaa ughali. Kibarua ndiye wa mwisho kabisa kwenye foleni hiyo, hana hata hati ya kudai. Hapa ukumbini wapo wasiolipwa tangu lenta imwagwe, na darasa lina watoto.

Bei za vifaa vyote vya darasa, na jina la aliyeuza, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Diwani yupo mstari wa mbele. Swali hilo aulizwe yeye kabla hajaondoka.