Ualimu wa Somo Lako

MZUNGUMZAJI: Haya ni ya wasikilizaji wote, na hasa nyinyi jamaa zetu mliotoka Kismayu, Koyama, Chovai na Chula. Leo nasema na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, anafundisha hapa kambini kwa posho, na sasa anataka kusomea ualimu chuo kikuu.

Wengi hudhani unaenda kusoma "ualimu" basi. Sivyo. Kwa sekondari nchini Kenya unachagua masomo mawili ya kufundisha, tuseme Kiswahili na Historia, au Hisabati na Fizikia. Unayasoma yenyewe kwa kina, na pamoja nayo unajifunza jinsi ya kuyafundisha. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humtaka mwenye shahada awe na wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na C+ katika kila somo kati ya hayo mawili. Kwa hivyo tazama alama zako kwanza, usichague kwa sababu rafiki yako amechagua.

Somo na namna ya kulifundisha ni vitu viwili. Mtoto wa Kibajuni akiandika "chachu" mahali pa "tatu", mwalimu asiyejua atacheka, maana kwa Kiswahili cha vitabuni chachu ni hamira. Aliyesomea Kiswahili atajua kuwa huyu hajakosea ovyo. Lugha ya kwao hutia "ch" penye "t", ndiyo maana husema "vachu" kwa watu. Atamwonyesha njia mbili hizo, na mtoto hataionea haya lugha ya mamake. Na wa Jiografia vilevile: mjukuu wa mvuvi huenda ameshasikia nyumbani kuhusu bamvua na maji mafu. Anzia hapo, ndipo uende kwenye mwezi na jua.

Jambo hili limewahi kufika kambini. Mwaka 2013 ulianza Dadaab mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada. Walimu wakimbizi walisoma huku wakiendelea kufundisha. Moi na British Columbia walitoa diploma ya ualimu wa sekondari. Uko pia ufadhili wa DAFI wa UNHCR, uliopo tangu 1992. Wanaotaka ni wengi kuliko nafasi, sitawaficha. Kina dada, msisubiri kuitwa.

Nenda ofisi ya elimu na matokeo yako ya KCSE na karatasi zako za ukimbizi. Uliza nafasi zinafunguliwa lini. Uliza pia mazoezi ya kufundisha utayafanyia wapi. Ikiwa ni shule ya nje ya kambi, utahitaji kibali cha kusafiri, na hicho kiombwe mapema.